Kisanduku cha Kukuza Mnong'ono

Nyumba za walimu, 2 Novemba

Mwanangu Sindano,

Najua utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo na vocha ninayo. Ukipokea simu yangu leo utasikia pumzi tu, utadhani ni mtu anayetaka kukutisha. Operesheni imekwenda vizuri. Rovu limetolewa, kidonda kimefunga, na shingo yangu sasa ina mstari mwembamba ambao wewe fundi cherehani ungeusifia. Lakini sauti haikurudi. Daktari anasema neva moja inayovuta nyuzi za sauti imeumia, huenda ikaamka baada ya mwaka, huenda isiamke. Nilichobaki nacho ni mnong'ono.

Mimi, mwanangu! Mimi niliyekuwa nikimwita mtoto mmoja ng'ambo ya uwanja, wanageuka wote.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Alinikalisha, akaniagizia chai, akanieleza ukweli bila kuupaka rangi. Darasa la sita lina wanafunzi hamsini na wanane. Shule zikifunguliwa Januari ataingia darasani kwangu, atakaa benchi la mwisho, na mimi nitasoma imla. Watoto wa nyuma wakiandika nilichosoma, darasa ni langu. Wasipoandika, nitahamishiwa stoo ya vitabu mpaka nistaafu, na bado miaka sita. Vitabu navipenda, lakini kitabu hakinyooshi mkono kuuliza swali.

Shule ina amplifaya na spika ya kutolea matangazo asubuhi. Nimejaribu. Hata nikiing'ata ile maiki, kinachotoka kwenye spika ni kama mtu anafagia chumba cha pili.

Nakuja kwako Jumamosi, nitakaa mpaka likizo iishe. Wewe ulikulia kwenye meza ya baba yako ya kutengenezea redio, ulishika chuma cha kulehemu kabla hujashika sindano. Hebu fikiria kama kuna la kufanya.

Ila sharti ni moja: baba yako asijue. Mtu aliyeninyamazia nikiwa na sauti, sitaki anihurumie nikiwa sina.

Mama yako


10 Novemba

Shikamoo Baba,

Nimekupigia simu mara nne wiki hii, inaita weee mpaka inakata. Umeitumbukiza tena kwenye debe la skrubu? Basi nakuandikia, maana barua huwa unajibu.

Naomba unichoree mchoro. Nataka kujenga priampu, kile kisanduku kinachokaa kati ya maiki na amplifaya, kinachoipokea sauti ikiwa changa na kuinyanyua kwanza ili amplifaya ipate cha kufanyia kazi. Za dukani nimeziona. Zinavuma, halafu hazifiki ninapotaka. Nataka inyanyue mara elfu moja.

Ni ya rafiki yangu anayeimba. Ana sauti ndogo, na mwanzoni mwa Januari anatakiwa kusimama mbele ya watu. Asiposikika mpaka nyuma kabisa, atanyang'anywa nafasi yake na kupewa mtu mwingine. Ni mtu ninayempenda sana, Baba, kwa hiyo usinichoree kitu cha kujifunzia, nichoree cha kweli.

Mimi mzima. Kiwandani tunashona sare za shule, ndoto zangu zote siku hizi zina kola. Mkono bado hautetemeki. Wewe je, nani anakupikia, au bado unakula umesimama?

Bintiyo,
Sindano


18 Novemba

Sindano wangu,

Marahaba mama. Simu ipo na ni nzima, ila mimi na yeye hatupatani. Barua ni bora. Neno ukiliandika linakaa pale pale, mtu analirudia mpaka aridhike.

Mara elfu moja! Mwimbaji wa kawaida anatosheka na mara mia. Huyo rafiki yako anaimba au anateta? Ukinyanyua mara elfu unanyanyua na kila takataka iliyomo chumbani, mvumo wa umeme, nzi anayepita, tumbo la jirani. Lakini kama umesema ni mtu unayempenda, basi na iwe hiyo elfu.

Kwenye kifurushi kuna transista nne. Nimezipima ishirini nikachagua hizo, ndizo zenye adabu. Kuna rezista, kapasita, transfoma ndogo, ubao uliotobolewa, na kisanduku cha bati. Kilikuwa kopo la biskuti, usimwambie mtu, nimekisugua mpaka picha imetoka. Mchoro nimeuchora usiku na mchana, ukikuta alama ya chai puuza. Transfoma iweke kona ya mbali kabisa na maiki, zisipeane hata mgongo. Waya wa maiki ni ule uliovikwa ganda la nyavu. Upande wa volyumu ufunge fundo, kama tulivyozoea.

Usilehemu ukiwa na njaa na usilehemu ukiwa na hasira. Ukikwama, niandikie ulichokiona. Unachokidhani kaa nacho wewe.

Najipikia mwenyewe na nakula nimekaa. Karibu kila siku.

Baba


27 Novemba

Shikamoo Baba,

Kimya. Nimelehemu jioni sita, kila kiungo kinang'aa kama kifungo kipya, nimewasha, na hakuna hata mkwaruzo. Rafiki yangu alisema "moja, mbili, tatu" mpaka akachoka. Akatabasamu ili nisijisikie vibaya, na hapo ndipo nilipojisikia vibaya zaidi.

Nilichokiona ni hiki. Umeme unafika, mita inasoma volti ishirini na mbili. Transista mbili zinapata moto mpaka haziguswi. Kazi yenyewe nimeifanya kwa uangalifu wote, hata mchoro wako niliugeuza nikaubandika kinyumenyume ndipo nikaufuata, kama tunavyofanya na kiolezo cha nguo. Sijui nimekosea wapi.

Zimebaki wiki tano.

Sindano


4 Desemba

Mwanangu,

Nimecheka mpaka jirani kaja kuniangalia. Wewe ni fundi cherehani kuanzia unyayoni hadi utosini! Nguo mnachora upande wa ndani, ndiyo maana mnageuza. Mimi nimechora upande wa nje, ubao unavyoonekana ukiutazama usoni. Umegeuza kisichogeuzwa, kila kitu kimekaa kushoto badala ya kulia. Rezista haijali, ni kama soksi, mguu wowote inaingia. Transista ina miguu mitatu na kila mguu una kwao.

Usilie, na usibomoe. Zichomoe zile nne, zigeuze zitazame nyuma, kisha zirudishe kwenye matundu yale yale. Basi. Zile mbili zilizopata moto pengine zimekufa, nimekuwekea nyingine kwenye bahasha hii, zimeviringishwa kwenye karatasi ya sigara. Sijarudia kuvuta, karatasi nimepewa.

Ukiwasha tena, usikimbilie kusogeza sikio. Sikio linadanganya. Weka ncha ya kidole polepole kwenye koni ya spika, ile karatasi inayotikisika. Sauti njema inagonga na kuacha, kama moyo. Mvumo haukuachi, unatambaa tu bila kupumzika. Ukiusikia huo kidoleni, kosa usilitafute mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, mvumo nao uko ndani ya nyaya zako mwenyewe.

Mwambie rafiki yako avumilie. Sauti ndogo si aibu. Inataka fundi mwenye subira, na fundi huyo ninamjua, nimemlea.

Baba


12 Desemba

Shikamoo Baba,

Kinasema! Niligeuza zile transista, nikawasha, nikaweka kidole kama ulivyoniambia. Rafiki yangu aliponong'ona "moja" koni ikanigonga. Niliruka, karibu nipindue meza.

Lakini mvumo nao ulikuwemo, tena mnene, unafunika kila kitu. Nilihangaika nao siku tano. Nilihamisha transfoma, nikafunika kisanduku kwa karatasi ya foili, nikazima taa za nyumba nzima tukakaa gizani kama wezi. Haukutikisika.

Mwishowe kumbe ni ule waya wa nyavu. Nilifunga fundo upande wa volyumu kama ulivyosema, lakini nilidhani ni la kuzuia waya usichomoke, kama tunavyofunga mwisho wa uzi. Basi nikailehemu ile nyavu kwenye bati pande zote mbili. Jana nimeukata upande wenye fundo, maana fundo ni alama kwamba hapa nyavu imeachwa makusudi, haiunganishwi. Ikiunganishwa kote inakuwa kitanzi, na kitanzi kinanasa mvumo wa transfoma. Nilipoukata tu, pu! Kimya safi, na katikati ya kile kimya mtu anasema jina langu.

Nililia, Baba. Sijui kama mafundi hulia.

Sasa kimebaki kitu kimoja, maneno yenye s na sh yanapuliza. Una dawa?

Sindano


18 Desemba

Sindano,

Mafundi hulia. Wanasema ni moshi wa risasi ya kulehemu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimeisoma nimesimama. Umeniandikia maana ya fundo. Mimi sijawahi kukufundisha. Ulikuwa mdogo, ulikuwa ukikaa upande wa pili wa meza ukiviringisha risasi vidoleni. Nilipoandika "kama tulivyozoea" nilisahau kwamba niliyezoea naye si wewe.

Fundo lilianzishwa na mama yako. Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa na redio kumi na mbili mezani, nasahau waya upi nimeuacha wazi makusudi na upi nimesahau. Yeye alikuwa akisahihisha madaftari kwenye meza hiyo hiyo. Akaniangalia nikihangaika, akauchukua waya, akaufunga fundo, akasema, "Likiwepo hili ujue hujakosea." Sikuwahi kumwambia mteja wala mwanafunzi wangu yeyote. Duniani wanaojua maana ya fundo lile ni watu wawili, na mmoja ni mimi.

Kwa hiyo mama yako yuko kwako. Na kuna mtu anayesimama mbele ya watu mwanzoni mwa Januari, shule zinapofunguliwa, na kisanduku chake lazima kinyanyue mara elfu. Yule mwanamke hakuhitaji kunyanyuliwa hata mara moja. Sauti yake ilikuwa ikiingia karakana kabla yake.

Imempata nini? Kama umeapa usiseme, usiseme, kiapo ni kiapo. Niandikie tu kama anaumwa. Andika ndiyo au siyo, inatosha. Na yeye mwambie... hapana, usimwambie kitu.

Kapasita iliyomo humu ilehemu sambamba na rezista ya kumi na moja. Itaondoa ule upepo wa s na kuliacha neno. Kama itakuwa nyingi au kidogo sijui, utapima wewe, mimi sina njia ya kupima kitu kama hicho sasa.

Baba


22 Desemba

Baba Sindano,

Habari za siku nyingi. Mtoto ameniletea barua yako machozi yanamtoka, kalamu mkononi, hajui aandike ndiyo au siyo. Nimemtua mzigo huo. Nilikuwa naumwa, sasa siumwi. Nilikatwa rovu, sauti ikaenda nalo. Mwalimu mkuu atanipima siku ya kufungua shule, na nikishindwa nitakuwa mlinzi wa vitabu. Nilimwapisha mtoto asikuambie, kwa kiburi tu. Kiburi changu unakifahamu, uliishi nacho miaka kumi na minane.

Kapasita imekaa vizuri. Nikisema "shule" sasa inasikika shule. Ahsante.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na fundo la waya. Lakini naona sikuwa peke yangu katika kuficha.

Barua zako zote nimezisoma, mtoto huziacha wazi mezani na nadhani hafanyi kwa bahati mbaya. Nimezisoma kama ninavyosoma insha za watoto, natafuta kilichorukwa. Mtu hagombani na simu miaka tisa. Na fundi niliyeishi naye alikuwa akiinamisha kichwa kwenye spika na kutuambia sote tushushe pumzi, ila huyu wa kwenye barua anamfundisha mwanawe kusikiliza kwa kidole, anasema sikio linadanganya, anasema hana njia ya kupima. Tangu lini, Baba Sindano?

Nikarudi nyuma kule kwenye mwaka wetu wa mwisho. Ulikuwa unafungulia redio za wateja mpaka madirisha yanatetemeka, nikadhani unanikomoa. Nilikuwa nakuuliza jambo, mgongo wako unaendelea na bisibisi. Nilipandisha sauti, ukaniuliza kwa nini nafoka. Nikaishusha, hukujibu kabisa. Nilidhani umenichoka na hujui namna ya kuniambia. Kama nimekosea, nimekosea kwa miaka tisa, na hilo linaniuma kuliko shingo.

Sasa nina shida, na si ya huruma. Nataka mtu wa kukaa benchi la mwisho kabla mwalimu mkuu hajakaa. Mwanetu hafai, yeye husikia hata siafu wakitembea. Namtaka mtu ambaye akisikia yeye, hakuna mtoto atakayediriki kusema hakusikia. Njoo shuleni kwangu Jumamosi, tarehe 3 Januari, saa nne asubuhi. Njoo na kalamu. Ni imla, na nitasahihisha.

Kama masikio yako ni mazima, basi ile miaka ulikuwa unanisikia na kunyamaza. Katika hali hiyo usije.

Mwalimu


28 Desemba

Mwalimu,

Nitakuja.

Sikio la kulia ndilo lililotangulia. Unakumbuka mlango wa karakana ulikuwa upande gani? Ulikuwa ukiingia kwa upande uliokufa. La kushoto lilifuata polepole, sasa limebaki robo. Spika za matangazo ndizo zilizonila, miaka ishirini na mbili nikizijaribu huku nimeinamisha kichwa, na hakuna aliyenishika bega akanikataza, maana hata mimi sikujua.

Nilipojua niliona aibu. Fundi redio kiziwi, nani atampelekea redio? Mteja mmoja aliniuliza yake itakuwa tayari lini, nikamjibu iko kabatini. Alicheka. Tangu siku ile nikaona heri kunyamaza kuliko kujibu kisichoulizwa. Nikanyamaza kwa wateja na nikanyamaza nyumbani. Nilikuona midomo yako inakwenda na uso wako umekasirika, nikasema moyoni, nikimwambia ataniona nimekwisha. Siku moja nikageuka hukuwepo, wala sanduku lako halikuwepo. Nikadhani umechoka na mimi. Sikukufuata kwa sababu sikujua ningesikia nini ukinijibu.

Sikukusikia, Mwalimu. Naapa. Ningekusikia ningegeuka.

Kazi bado nafanya. Kidole kimenifundisha mengi, na mita haina haja ya sikio. Natengeneza kimya kimya na redio zinaondoka zikiimba, naambiwa.

Imla sijaandika tangu nikiwa mtoto, na hata wakati ule nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Usinicheke mbele ya mtoto.

Fundi


Nyumba za walimu, 9 Januari

Mwanangu Sindano,

Nakuandikia leo kwa furaha, si kwa shida. Najua kiwandani hawakukupa ruhusa hata ya siku moja, na najua umekaa na roho juu. Ishushe. Darasa la sita ni langu.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja na daftari lake, akajikunja kwenye benchi la mwisho magoti yakiwa karibu na kidevu. Nilivaa maiki shingoni juu ya kovu, kisanduku chako kikiwa mezani, bati lake linang'aa. Nilisoma sentensi kumi kwa mnong'ono wangu huu huu. Unajua kilichotokea? Watoto hamsini na wanane walitulia kuliko walivyowahi kutulia nilipokuwa na sauti. Nadhani mtu akinong'onezwa hufikiri anaambiwa siri. Mwalimu mkuu alikusanya madaftari ya mabenchi matatu ya nyuma, akayasoma moja baada ya jingine. Yule mtoro wangu, ambaye tangu azaliwe hajamaliza imla, alikuwa amekosa mkato mmoja tu. Mwalimu mkuu akanirudishia madaftari, akasema, "Mwalimu, stoo ya vitabu itabidi imtafute mtu mwingine."

Hayo ni ya Jumatatu. Sasa nikuambie ya Jumamosi, maana baba yako hatakuambia. Bado yuko huku, amepanga chumba kwa mlinzi wa shule. Anasema spika ina mluzi unaohitaji kuangaliwa. Mluzi uliisha Jumapili asubuhi, alipoisogeza spika mbele ya maiki ili zisitazamane. Mwenyewe anajua umeisha. Sijamwambia kitu.

Alifika saa tatu badala ya saa nne. Amepiga pasi shati mwenyewe, upande mmoja una mikunjo miwili. Nywele nyeupe zote. Tulipeana mikono kama watu wa ofisini. Alikiangalia kisanduku chako kwa muda mrefu, akakifungua, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, akasema, "Mkono wake ni mzuri kuliko wangu." Nilimwona anavyotazama mdomo wangu nikiongea, nikagundua kwamba anasoma midomo. Basi nilipoanza imla niliinua daftari nikajifunika uso. Hakuna kunakili kwenye mtihani wangu.

Nilisoma sentensi tisa, za darasa la sita, mvua, soko, ng'ombe aliyepotea. Nilimchungulia juu ya daftari. Aliinama, kichwa upande wa kushoto, kiganja kimoja amekilaza juu ya benchi ili mbao imsaidie, na anaandika. Mwanangu, anaandika! Kila nikimaliza sentensi, kalamu inaanza kutembea. Nilikuwa naogopa mtihani wa Jumatatu, lakini pale nilisahau kabisa habari za mwalimu mkuu.

Sentensi ya kumi sikuwa nimeiandika popote. Nilisema kwenye maiki: "Jioni ile nilisimama mlangoni nikakuuliza kama unataka niondoke." Kisha nikanyamaza, kama tunavyonyamaza kwenye imla ili watoto wapate muda.

Hakuandika. Alilitazama lile daftari mpaka nikadhani kisanduku kimekufa. Halafu akaweka kalamu chini, akanyoosha mkono juu, mtu wa miaka sitini na mbili aliyebanwa kwenye benchi la watoto. Nikamruhusu kwa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "swali lile sikulisikia. Naomba ulirudie."

Nikalirudia. Nililiuliza kwa mnong'ono wangu wote, na spika ikalifikisha mpaka ukutani. Akajibu hapana. Akajibu tena, na tena, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyofanya watu wasiojisikia wenyewe, mpaka mlinzi wa shule akaja mbio dirishani kuuliza ni nani wanaogombana humu ndani.

Tukamwambia hakuna anayegombana.

Mama yako